Bamba la eksirei lililo kama mchanga wa mtoni

Nenda Kitui au Makueni wakati wa kiangazi nawe utawaona akina mama wakifukua mchanga katika mito iliyokauka. Juu pakavu kabisa, lakini chini kuna maji yaliyohifadhiwa tangu mvua. Hivyo ndivyo bamba la kisasa la eksirei lifanyavyo kazi, ila lenyewe huweka akiba ya nguvu za miale.

Zamani mtoto akivunjika mkono, picha yake ilipigwa kwenye filamu. Filamu hiyo ilisafishwa kwa dawa katika chumba cha giza, ikasuuzwa kwa maji safi mengi, kisha ikaanikwa. Mahali ambapo mitungi hubebwa na punda kwa mwendo mrefu, hiyo si kazi ndogo. Na picha ikiharibika mtoto hupigwa nyingine, mwili wake ukapata miale zaidi.

Bamba jipya, lililoletwa sokoni na kampuni ya Fuji ya Japani katika miaka ya 1980, limepakwa chembechembe zenye madini ya bariamu na yuropiamu. Miale ikishapenya mwilini na kulifikia, chembe hizo hunasa sehemu ya nguvu zake. Kisha bamba huingizwa katika mashine ya kulisoma, ambamo leza nyekundu hulipitia mstari kwa mstari. Nguvu zilizonaswa hutoka kama mwanga wa samawati, na kompyuta huugeuza kuwa picha. Hakuna dawa, hakuna maji. Likimulikwa kwa taa kali, bamba hufutika na kutumiwa tena mara maelfu.

Isitoshe, mashine kuukuu ya eksirei haitupwi. Bamba ndilo huchukua nafasi ya filamu. Hospitali nyingine zina mashine za dijitali zisizohitaji bamba la aina hii. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza kukodi vifaa vya matibabu, eksirei za dijitali zikiwemo, kwa hospitali mbili katika kila kaunti. Picha za kompyuta huweza kutumwa kwa daktari aliye mbali, mgonjwa wa Mutomo asilazimike kusafiri hadi Nairobi.

Kwa hivyo mzazi, ukiwa mja mzito mwarifu mpiga picha kwanza, na uombe nakala ya picha kila mara. Wahenga walisema akiba haiozi. Ya bamba hufifia saa zikipita. Sharti isomwe mapema.