Ubao wa Matabaka Hauna Namba Moja

Mipaka ya mashamba ya kahawa na chai huko Embu na Meru imejaa mukima, mti wenye asili ya mashariki mwa Australia. Gogo lake laweza kumenywa kuwa matabaka membamba, kisha matabaka hayo yakagandishwa kwa gundi kuwa plaiwudi, nyuzi za kila tabaka zikikatiza zile za tabaka la chini yake. Mhandisi akitaka kujua kwa programu ya kompyuta iwapo ubao huo utabeba sakafu, programu humwuliza kwanza ukakamavu wa ubao. Wengi hujaza wastani mmoja na kuendelea. Wastani huo unapotosha, kwa sababu ubao wa matabaka hupinda kulingana na mpangilio wake, si kulingana na mti wake tu.

Tuchukue ubao wa milimita 9 wenye matabaka 3 yaliyo sawa. Tuseme mbao hiyo ina ukakamavu wa gigapaskali 10 ikivutwa kufuata nyuzi, na 0.5 ikivutwa kwa kuzikatiza. Ubao mzima ukivutwa kufuata nyuzi za nje, wastani ni karibu 6.8, ukivutwa upande wa pili, ni karibu 3.7. Katika kupinda mambo hubadilika. Ukakamavu wa kupinda hukua kwa mchemraba wa unene, hivyo tabaka la kati, ambalo ni theluthi ya unene, huchangia sehemu 1 tu kati ya 27. Zilizobaki 26 ni za matabaka ya nje. Matokeo yake ni karibu 9.6 upande mmoja na 0.85 upande wa pili. Aliyetumia 3.7 kwa upande huo dhaifu ameukuza uwezo wa ubao zaidi ya mara 4.

Fundi atasema kwamba yeye hulaza ubao vizuri bila kompyuta. Ni kweli, kwa vipimo alivyozoea. Lakini uzoefu hauhamii kwenye ubao wa matabaka 7, wala kwenye nyuzi za kioo na gundi zinazounda mapanga ya mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, kule Marsabit, ambako mkato wa panga huhitaji pia ukakamavu wa kusokotwa. Wengine watalalamikia bei ya programu, ilhali programu ya CalculiX ni ya bure, na hesabu ya hapo juu yatoshea kwenye karatasi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba miti hutofautiana, na kompyuta haijui gogo lilimea wapi. Dawa yake ni kipimo: ubao ulazwe juu ya vihimili viwili, uwekewe uzito katikati, na kubonyea kwake kupimwe kwa pande zote mbili. Kwa hiyo mnunuzi na aulize idadi ya matabaka, unene wa kila moja na mwelekeo wa nyuzi zake. Bila hayo matatu, jibu la programu ni kubahatisha tu.