Nyaya Juu ya Reli ya Machakos

Kaunti ya Machakos imepitiwa na reli mbili kuu, na zote huendeshwa kwa dizeli. Ile ya zamani, yenye upana wa mita moja, ilivuka nyanda za Kapiti na kufika Nairobi mwaka 1899. Iliuacha kando mji wa Machakos, na makao ya utawala ya mkoa yakaufuata mkondo wa reli hadi Nairobi mwaka huohuo. Ya pili ni SGR, yaani reli ya geji ya kawaida, iliyofunguliwa Mei 31, 2017. Inatoka Mombasa, inapitia Athi River penye viwanda vya saruji, na kuishia Syokimau, pale Machakos inapopakana na Nairobi, kabla ya tawi la Naivasha kuanza. SGR iliposanifiwa iliachiwa nafasi ya kuwekewa nyaya za umeme baadaye. Swali ni kama gharama ya kuzitandika itarudi.

Jibu linaanzia ndani ya injini yenyewe. Injini ya dizeli ya SGR tayari huvutwa na mota za umeme. Ndani yake mtambo wa dizeli huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme huo ndio unaozungusha magurudumu. Kila treni, kwa hivyo, imebeba kituo chake kidogo cha kuzalisha umeme pamoja na tangi la mafuta. Reli inapowekewa nyaya, mzigo huo hushushwa na kuachiwa mitambo mikubwa isiyohamahama, kama ile ya mvuke wa ardhini ya Olkaria au ya bwawa la Masinga lililo kaskazini-mashariki mwa kaunti hii. Tofauti si ndogo. Katika injini ya dizeli, takribani theluthi moja tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta hufika magurudumuni. Inayobaki huwa joto na moshi. Umeme unaochukuliwa kwenye waya hufika kwa zaidi ya asilimia 80.

Njia ya Mombasa hadi Nairobi huifanya tofauti hiyo ionekane waziwazi, kwa sababu ni mlima mmoja mrefu. Treni huanza karibu na usawa wa bahari na kufika Syokimau kwenye kimo cha mita 1,600 hivi. Kuipandisha tani moja kimo hicho kunahitaji nishati sawa na uniti 4.4 za umeme, zilezile zinazonunuliwa kwa tokeni nyumbani. Treni ya mizigo ya tani 4,000 inahitaji uniti 17,000 na zaidi kwa kupanda tu, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano. Ukipiga hesabu hiyo kwa dizeli, unapata takribani lita 5,000 kwa safari moja. Kenya haichimbi mafuta hayo, wala haiyasafishi tangu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilipoacha kazi hiyo mwaka 2013. Kila lita hununuliwa ng'ambo kwa dola.

Treni ya umeme inaposhuka, mota zake hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye waya badala ya kuuteketeza kwenye breki. Faida hiyo ipo, ila isitiwe chumvi. Shehena nzito hupanda kutoka bandarini, na kontena nyingi hushuka tupu, kwa hiyo kinachorudi ni kidogo kuliko kilichotumika.

Upande wa pili wa mizani kuna nguzo, nyaya na vituo vidogo vya umeme, ambavyo kwa mfumo wa kilovolti 25 huwekwa kila baada ya makumi kadhaa ya kilomita. Gharama hii haiangalii idadi ya treni. Nguzo za njia inayopitisha treni mbili kwa siku zina bei ileile ya nguzo za njia inayopitisha treni 30. Hapo ndipo uamuzi wote ulipo: kila treni inayopita hulipia sehemu ndogo ya waya kwa mafuta iliyookoa, na treni zikiwa chache waya hauwezi kujilipa.

Kwa kipimo hicho, tawi la Konza hadi Magadi, linalosafirisha magadi kutoka ziwani, halifai kuwekewa umeme. Mwenye mzigo ni mmoja, treni ni chache, na dizeli inalitosha. Treni za abiria kati ya Syokimau na katikati ya Nairobi ziko katikati ya njia yenye treni nyingi na yenye treni chache. Safari ni ya kilomita zisizofika 20, umbali ambao leo treni ya betri inaweza kuumudu bila nguzo hata moja, ikichajiwa inaposubiri kituoni. Treni za dizeli zinazotumika kwenye njia za mijini za Nairobi zina historia inayofaa kukumbukwa. Zilinunuliwa mwaka 2020 zikiwa zimekwisha kutumika kisiwani Mallorca, Hispania, ambako hazikuhitajika tena baada ya njia zao kuwekewa umeme. Kisiwa hicho ni kidogo kuliko Kaunti ya Machakos.

Hofu kubwa ya wengi ni stima kupotea, na ina msingi. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi. Januari 2022 nguzo za laini ya Kiambere hadi Embakasi zilianguka baada ya kuhujumiwa, na serikali ikasimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu. Reli yenye mamia ya kilomita za shaba hewani ingehitaji ulinzi ambao dizeli haiuhitaji. Reli ya Addis Ababa hadi Djibouti, iliyoanza biashara mwaka 2018 ikiwa ya umeme, imewahi kusumbuliwa na kukatika kwa umeme. Tanzania ilijifunza mapema: kabla treni zake za umeme hazijaanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ilijengwa laini maalumu ya kilovolti 220 kutoka Kinyerezi hadi Morogoro kwa ajili ya reli pekee. Leo treni hizo hukimbia kilomita 160 kwa saa. Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR ya Kenya, hukimbia 120.

Kuhusu umeme wenyewe, Kenya ina hali ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mahitaji hupanda jioni, na mwaka 2025 kilele chake kilipita megawati 2,300. Baada ya usiku wa manane mahitaji hushuka sana, na Olkaria hulazimika kuuachia mvuke hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Mvuke huo hauwekwi akiba. Treni za mizigo, tofauti na za abiria, zinaweza kupangiwa kupanda sehemu ya mlima kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, zikatumia umeme ambao sasa unapotea. Ikiwa reli itauziwa umeme wa saa hizo kwa bei ya chini, hesabu hubadilika kabisa. Ikiuziwa kwa bei ya kawaida ya viwandani, faida huwa nyembamba mno kuweza kulipa mkopo mwingine juu ya ule uliojenga njia yenyewe.

Lipo jambo moja zaidi ambalo haliko mikononi mwa Kenya. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki, wa kujenga kilomita 272 za SGR ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala. Shehena ya Uganda ndiyo sehemu kubwa ya sababu ya kuifikisha reli ya Kenya mpakani. Ikifika huko ikiwa bado ya dizeli, kila treni kutoka Mombasa itasimama Malaba, injini ifunguliwe, na nyingine ifungwe mahali pake.