Ufa wa dari unaorudi kila mwaka: Kuziba peke yake hakutoshi

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, wapo wenye nyumba na maduka wanaoziba ufa uleule wa dari kila mwaka. Hulipa fundi, hununua rangi, na baada ya miezi michache ufa hurudi palepale. Kwa mfanyabiashara mdogo, hiyo ni hasara inayokula mtaji kidogo kidogo.

Kosa ni kwamba kinachozibwa ni ufa, na chanzo chake kinaachwa.

Dari ya jipsamu hutengenezwa kwa vipande vya ubao, aghalabu vya mita 1.2 kwa 2.4, vinavyofungwa kwenye mbao chini ya kenchi. Bati hupata moto mchana na kupoa usiku. Mbao nazo hutanuka wakati wa masika na kusinyaa kiangazi. Mtikisiko huo wote huishia kwenye viungo vya vipande, mahali palipo dhaifu zaidi.

Hali huwa mbaya kwa nyumba iliyojengwa haraka baada ya mauzo ya mazao, mbao zikapigiliwa zikiwa mbichi. Zikikauka hupinda, misumari hulegea na dari huanza kucheza.

Chunguza kwanza

Ufa ulionyooka kwenye kiungo kwa kawaida huonyesha kwamba hapakuwekwa utepe wa nyuzi, au uliwekwa vibaya. Ufa wenye doa la kahawia ni dalili ya bati linalovuja. Jipsamu ikilowa hulainika, hivyo zibeni paa kwanza.

Dari inayocheza ikisukumwa kwa kiganja imeachia mbao. Hiyo ni hatari, kwani inaweza kudondoka juu ya watu au bidhaa. Ufa unaopanda kwa mshazari ukutani na kuzidi kupanuka unaweza kuwa umetokana na msingi. Huo ni wa kumwita mhandisi.

Namna ya kutengeneza

Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha funika bidhaa. Rudisha ubao kwenye mbao kwa skrubu, moja kila baada ya sentimita 20 hadi 30. Skrubu hushika kuliko msumari.

Kwangua rangi na unga wa zamani kando ya ufa, upana wa kiganja, kisha ondoa vumbi. Jaza ufa kwa unga wa jipsamu uliokorogwa, bandika utepe wa nyuzi juu yake, na upake tabaka jembamba la kuufunika. Koroga kidogo kidogo, kwani unga huo huganda haraka. Likikauka kabisa, paka tabaka la pili pana zaidi, piga msasa, ndipo upake rangi. Usitumie saruji, haifai kwa ubao wa jipsamu na hupasuka.

Tahadhari: baadhi ya dari za zamani zina asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usizipige msasa wala kuzivunja.

Wakati mzuri wa kazi hii ni kiangazi, mbao zikiwa zimekauka. Kabla ya kutoa malipo ya awali, muulize fundi mambo mawili: atakaza dari kwa nini, na ataweka utepe gani. Akijibu kwamba rangi inatosha, tafuta mwingine.