Leseni Inayoishia Mawinguni
Ndege ndogo iliyosajiliwa Zambia ikivuka Tunduma na kupita anga ya Mkwajuni, rubani wake binafsi mwenye leseni ya Zambia hadaiwi leseni ya Tanzania. Ibara ya 32 ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 inataka leseni iwe imetolewa au kuthibitishwa na nchi iliyoisajili ndege. Mtanzania mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), akitaka kuirudisha ndege hiyohiyo Lusaka, ndiye anayepaswa kuomba uthibitisho wa Zambia. Uraia wa rubani haumsaidii kitu hapo.

Kuruka mawinguni ni habari nyingine. Leseni ya rubani binafsi, kwa viwango vya kimataifa, hupatikana baada ya saa 40 hivi za kuruka, na humruhusu mwenyewe kurusha ndege bila malipo. Katika anga inayodhibitiwa, chini ya futi 10,000, anayeruka kwa kuona hutakiwa aone walau kilomita 5 mbele, akae mita 1,500 kando ya wingu na mita 300 juu au chini yake. Kuingia ndani ya wingu kwa kutegemea vyombo kunadai sifa ya pili, yenye mafunzo na mtihani wake. Uingereza ilibuni sifa nyepesi kwa marubani binafsi, lakini haitumiki nje ya anga yake. Wapo wanaouita huo urasimu. Mimi naona ukali huo una haki, na sababu yake imo ndani ya sikio.

Sikio la ndani lina mifereji mitatu yenye majimaji yanayohisi mzunguko. Ndege ikikata kona polepole kwa muda, majimaji huanza kwenda sawa na mifereji, na hisia ya kuzunguka hupotea. Rubani akiinyoosha ndege, mwili humwambia kwamba sasa anageukia upande wa pili, naye huirudisha konani. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wasiojua kurusha ndege kwa vyombo. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. John F. Kennedy Mdogo, aliyeanguka baharini Julai 1999 usiku wenye utusitusi, alikuwa na leseni halali na hakuwa na sifa ya vyombo. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipotewa na mwelekeo.

Mtetezi wa teknolojia atasema kwamba skrini na mtambo wa kujiendesha vimemaliza tatizo hili. Vimelipunguza, ndiyo, ila mtambo ukizima ni lazima mtu aiamini skrini huku mwili mzima ukiikanusha, na uwezo huo huchakaa. Ndiyo maana Marekani humtaka rubani wa vyombo awe amefanya, ndani ya miezi 6, walau mikaribio 6 ya kutua kwa vyombo. Na ardhi inayoshuka kutoka milima ya Mbeya kuelekea Ziwa Rukwa, msimu wa mvua, haimpi nafasi kubwa aliyepotewa.

Pingamizi la gharama lina uzito zaidi. Sifa kamili ni ghali, na anayeikosa huenda akajikuta winguni siku moja bila ujuzi wowote. Jaribio la Illinois lenyewe linawaunga mkono wanaosema hivyo: walipofundishwa namna ya kugeuka na kurudi walikotoka, washiriki walifaulu karibu kila mara. Basi Tanzania ingeweza kuwa na sifa ndogo kama ya Waingereza, mradi iishie ndani. Kuivusha hadi Kenya au Uganda kungejadilika kupitia chombo cha usalama wa anga cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoko Entebbe. Zambia si mwanachama wa Jumuiya, kwa hiyo anayeruka kutoka Songwe kuelekea kusini angehitaji ruhusa ya Lusaka yenyewe, kwa mujibu wa Ibara ya 40 ya mkataba uleule.