Jabali Lisilo na Jiwe

Wageni wanaofika nyumbani kwetu Kileleshwa, kabla hata hawajaulizia hali za watoto, hutaka kujua ni nani aliyepandisha mawe yale hadi ghorofa ya pili. Ukuta wote wa nyuma wa tangi letu la samaki, futi tano kwa urefu, ni jabali la rangi ya udongo lenye nyufa, mapango na vivuli, na samaki huingia na kutoka humo kama watu wa Mji wa Kale wanavyotokeza vichochoroni. Tukiwaambia kwamba ukuta ule hauna jiwe hata moja, hucheka wakidhani tunawatania.

Samaki wenyewe tuliwapata kabla ya jabali, kwa mfugaji mmoja wa Parklands. Ni furu wa Ziwa Viktoria, jamaa ya wale ambao Waluo huwaita fulu. Aina hii huishi kwenye miamba ya upande wa Mwanza. Mwaka 1985 wataalamu waliipa jina la Mwalimu Nyerere, nayo leo huitwa Pundamilia nyererei. Neno la kwanza ni Kiswahili chetu wenyewe, kwa ajili ya mistari myeusi ya ubavuni. Dume ana mgongo mwekundu na mbavu za manjano. Jike ana rangi ya majivu, wala hatazamwi na mtu, ilhali kazi yote ni yake: mayai huyabeba kinywani, na vitoto vikianguliwa hubaki humo humo, na kwa kawaida muda huo wa wiki mbili au tatu hali kitu.

Dume hana huruma na hali hiyo. Humfukuza jike kutwa nzima. Ziwani jike angejipenyeza baina ya mawe mambo yakaisha, lakini katika tangi la kioo tupu hana pa kukimbilia. Asubuhi moja tulimkuta jike wetu mkubwa amejibana nyuma ya bomba la kichujio, mapezi yamechanika. Hapo ndipo tulipokata shauri la kujenga jabali. Tangu sangara alipopandikizwa katika ziwa lile miaka ya 1950 na 1960, aina nyingi za furu zimetoweka. Hatukuona fahari kuwamaliza hawa waliobaki kwa mikono yetu, sebuleni.

Mawe ya kweli tuliyaondoa katika hesabu mapema. Tangi la futi tano kwa mbili kwa mbili huchukua lita 560 hivi, yaani zaidi ya nusu tani ya maji, nalo tayari lilikuwa limewekwa juu ya boriti ya jengo kwa ushauri wa fundi. Ukuta wa mawe wenye unene wa sentimita kumi ungekuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200. Tena jiwe moja likiteleza usiku, kioo hupasuka, na jirani wa chini huamka kitanda kikielea.

Bibi wa watoto, aliyekuwa amekuja kutoka Mombasa kututembelea, alipendekeza matumbawe, kama kuta za nyumba za kwao. Lakini matumbawe ya baharini si mali ya kujichotea. Ndani ya hifadhi za bahari, kama ile ya Mombasa na ya Watamu, hairuhusiwi kuondoa kitu. Alikuwa na vipande vichache vya kifusi cha ukuta wa kale, navyo tukaviweka kando. Vitarudi katika habari hii.

Basi tukashuka mjini. Barabara ya Luthuli, penye maduka ya televisheni na redio, hutupwa kila siku marundo ya stairofomu, lile povu jeupe gumu linalozunguka televisheni ndani ya boksi. Wauza duka walitupa bure, wakifurahi kuondolewa uchafu. Tukaswali adhuhuri Msikiti wa Jamia, mizigo ikiwa imelindwa na kijana mmoja wa mlangoni aliyetaka sana kujua tunakwenda kufanya nini. Kutoka duka la vifaa vya ujenzi tulichukua saruji, mchanga laini, rangi ya oksaidi nyekundu na nyeusi, ile inayotiwa kwenye sakafu, na silikoni ya kugandishia. Katika silikoni, msomaji, soma maandishi ya kopo. Ile ya bafuni huwa imetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Inayofaa ni silikoni tupu isiyotiwa kitu, na nyingi ya aina hiyo hunukia siki inapokauka.

Kuchonga kulikuwa raha tupu. Kisu cha mkate na brashi ya waya vyatosha. Wako wanaoyeyusha povu kwa moto, lakini moshi wake ni mbaya, nasi tuna mtoto mwenye pumu. (Punje nyeupe zilikaa kwenye mapazia mwezi mzima.) Kosa la wengi ni kujenga kama mwashi, safu juu ya safu. Atazamaye picha za majabali ya Mwanza, yaliyobebana ziwani kama mizigo ya bandarini, ataona kwamba hayana mstari ulionyooka. Kwa hiyo pengine tuliacha povu lichomoze sentimita kumi na tano, pengine tatu tu. Kila pango tulilitoboa milango miwili, ili anayekimbizwa asije akanaswa ndani. Tangi lina vibao vya kioo vinavyolishika kwa juu, kwa hiyo ukuta mzima usingepita. Tuliukata vipande vitatu kwa kufuata mkondo wa nyufa, mshono ukafichika ndani ya ufa.

Kisha saruji. Mkono wa kwanza hupakwa kwa brashi, saruji na maji tu, mwepesi kama uji. Wa pili na wa tatu hutiwa mchanga na rangi, mashimoni nyeusi zaidi na juu ya mabega ya mwamba nyepesi, kwa kuwa mwanga hutoka juu. Vaa glavu, na watoto wakae mbali, maana saruji mbichi huunguza ngozi. Na usianike juani! Saruji hukomaa kwa kunywa maji, si kwa kukauka. Sisi tuliifunika magunia yaliyoloweshwa.

Hadi hapo tulikwenda vyema. Kosa letu lilikuwa haraka. Baada ya wiki moja tuligandisha vipande kwa vitone vya silikoni hapa na pale, tukajaza maji, na baada ya magharibi tukawarudisha samaki, kwani wageni walikuwa wanakuja siku ya pili. Kufika isha walikuwa juu ya maji wakitweta. Alfajiri tuliwakuta wawili wamekufa, na kipande cha katikati kimebanduka, kinaelea. Wa tatu alikuwa yule jike wa mapezi yaliyochanika, akipumua kwa shida. Tulimhamishia pamoja na wenzake kwenye pipa la buluu lenye maji ya zamani, na mtoto wetu wa miaka tisa hakutusemesha siku nzima.

Bibi alitazama maji, akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba. "Wanangu, maji haya yateleza kama sabuni. Birika jipya la msikiti hutawadhiwi siku ile ile lilipopakwa chokaa. Maji ya kwanza humwagwa, na ya pili, na ya tatu. Hilo hamkuliona kwetu?"

Tulikuwa tumeliona, tukalisahau. Saruji mbichi hutoa chokaa ndani ya maji na kuyapandisha kipimo cha pH, kinachoonyesha maji yana uchachu au magadi kiasi gani. Maji yasiyoelemea upande wowote ni 7. Furu hupenda 8 hivi. Ya kwetu, tulipopata dawa ya kupimia, yalipita mwisho wa kadi. Na maji ya Nairobi huathirika upesi. Mengi hutoka bwawa la Ndakaini, chini ya milima ya Aberdare, nayo ni maji laini yasiyo na madini mengi. Kila aliyehamia huku kutoka Mombasa amelijua hilo siku ya kwanza ya kufua: sabuni kidogo tu, povu linajaa karai, wakati maji ya visima vya kwetu humaliza kipande kizima.

Tukaanza upya. Vipande vilitolewa vyote, vikalowekwa kwenye beseni la kuogea. Povu huelea hata likivishwa saruji, na watoto walipata kicheko chao cha kwanza tangu msiba walipoona jabali linapanda juu kama mtumbwi, ikabidi likandamizwe kwa matofali. Kila siku ya tatu maji yalibadilishwa. Katika mji wenye mgao wa maji hilo si jambo dogo, basi maji yale yaliosha ngazi na choo; maua hayakupewa, kwa kuwa hayapendi magadi. Wiki ya nne kipimo kilisoma 9. Wiki ya sita kilitulia kwenye 8, na siku tatu baadaye kilikuwa pale pale.

Mara hii silikoni ilipakwa kwa ukarimu mgongoni mwote na kwenye kingo. Ukuta wa povu wa ukubwa ule husukumwa juu na maji kwa nguvu ya makumi ya kilo, kila saa, maisha yake yote, na vitone vichache haviwezi. Tuliuacha siku saba kabla ya tone la maji kuingia. Vile vifusi vya matumbawe vya Bibi, baada ya kuoshwa na kulowekwa hadi chumvi ikatoka, tulivilaza chini ya ukuta; ukivitilia siki hutoa mapovu, dalili ya chokaa, na chokaa hiyo ya kale hutoka taratibu mno, ikiyashika maji yetu laini yasiyumbe.

Jike alipata pango lake siku ile ile, la pili kutoka kushoto. Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ikiwa kali na kipasha joto kikifanya kazi usiku kucha, tulimwona kidevu kimemjaa, akiingia mlango mmoja dume akija, na kutokea mwingine. Siku ya kumi na tisa vitoto vilionekana ufani, vidogo kuliko punje za mchele. Mtoto wetu alihesabu kumi na saba, akapiga simu Mombasa kabla hajaenda shule.

"Na mzazi?" aliuliza Bibi. "Mmempa chakula?"