Kioo Hakizeeki: Kufufua Darubini Kongwe Mjini Gisenyi

Mpaka kati ya Gisenyi, Rwanda, na Goma, Kongo, ulitafutwa kwanza angani, ndipo ukawekwa ardhini. Mwaka 1885 Dola Huru ya Kongo ilitangaza kwamba mpaka wake wa mashariki unafuata meridiani ya nyuzi 30, kisha mstari ulionyooka hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Waliochora mstari huo hawakuwa wamelifikia Ziwa Kivu. Gustav Adolf von Götzen, anayetajwa kuwa Mzungu wa kwanza kulifikia, alikuja mwaka 1894. Kwa mstari ule, mahali ilipo Gisenyi leo pangekuwa Kongo. Ugomvi ukazuka kati ya Dola Huru na Wajerumani walioshika upande wa Rwanda, na kati ya 1900 na 1902 tume ya pande zote mbili ikalizunguka eneo hili ikipima. Miongoni mwa waliotumwa alikuwa Ernst Lamp, mwanafalaki kutoka Kiel, Ujerumani, aliyefia huku Afrika Mashariki mwaka 1901 kabla kazi haijakamilika. Makubaliano ya mwisho yalipatikana mwaka 1910.

Wapimaji wa zama hizo hawakuwa na setilaiti. Ili kujua longitudo walihitaji saa nzuri, majedwali ya mwendo wa Mwezi, na darubini ndogo ya lenzi ya kumtazamia Mwezi miongoni mwa nyota. Ugumu wake unaonekana kwa hesabu fupi. Gawa nyuzi moja katika sehemu 3,600: kila sehemu ni sekunde moja ya nyuzi. Mwezi huchukua takribani sekunde 1.8 za saa kusogea kiasi hicho mbele ya nyota, na katika muda huo mzunguko wa Dunia umekwisha kutusogeza zaidi ya mita 800 hapa karibu na ikweta. Kosa dogo la jicho lingeweza kuuhamisha mlima karibu kilomita nzima kwenye ramani.

Darubini ndogo za lenzi hazikutoweka pamoja na tume zile. Zilizotengenezwa katika karne ya ishirini bado zimo kwenye maghala, kabati za shule na nyumba za wazee huko Ulaya, Marekani na Japani, na nyingi huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu zina vumbi na kutu. Mtu wa Gisenyi mwenye ndugu Brussels au Hamburg anaweza kuipata moja. Ninaamini kabisa kwamba kuifufua darubini ya namna hiyo ni kazi inayowezekana mjini hapa kwa mikono ya mafundi wetu, na kwamba anga letu linaistahili kuliko anga la kule ilikotengenezwa.

Kwa nini darubini hizi ni ndefu

Darubini ya lenzi ilianza kujulikana Uholanzi mwaka 1608, pale Hans Lippershey alipoomba hataza yake. Mwezi Januari 1610 Galileo Galilei aliona kwa darubini yake miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii. Lakini lenzi moja ina kasoro ya asili: huupinda mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, hivyo rangi hazikutani mahali pamoja, na kila nyota angavu huzungukwa na ukungu wa rangi. Dawa ya kwanza ilikuwa kurefusha darubini, kwa kuwa lenzi yenye mbonyeo mdogo huonyesha kasoro hiyo kwa uchache. Johannes Hevelius wa Danzig alifikia kujenga moja yenye urefu wa takribani mita 45, ikiningʼinia kwenye mlingoti.

Ufumbuzi wa kweli ulikuja katika karne ya 18. Mwingereza Chester Moor Hall aligundua kwamba aina mbili za kioo zenye tabia tofauti zikiunganishwa, moja hurekebisha sehemu kubwa ya kosa la nyingine. John Dollond alipata hataza ya lenzi hiyo mwaka 1758, na mapema karne ya 19 Joseph von Fraunhofer akaikamilisha kwa umbo ambalo bado linatumika. Huko Yerkes, Marekani, darubini kubwa kuliko zote za lenzi zilizowahi kutumika kwa utafiti, yenye kipenyo cha sentimita 102, ilifunguliwa mwaka 1897.

Darubini kongwe tunazozungumzia ni wajukuu wa Fraunhofer. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vya Japani viliuza nje darubini nyingi za milimita 60 zenye umbali wa fokasi wa milimita 900 hivi, kwa majina kama Unitron, Swift na Tasco. Huko Jena, Ujerumani Mashariki, kampuni ya Zeiss ilitengeneza Telementor kwa ajili ya shule: lenzi ya milimita 63, fokasi ya milimita 840. Urefu huo ndio uliofanya picha zao ziwe safi, na ndio unaozitofautisha na darubini fupi za plastiki zinazouzwa leo kwa ahadi ya kukuza mara 500. Lenzi ya milimita 60 haipaswi kusukumwa kupita mara 120. Zaidi ya hapo picha hukua bila kuonyesha kitu kipya.

Kabla ya kulipa

Anayenunua kutoka mbali aombe picha za lenzi ya mbele ikiwa imemulikwa kwa tochi kutoka ubavuni. Vumbi lisimtishe. Mikwaruzo michache haidhuru sana, wala kipande kidogo kilichomeguka ukingoni. Cha kuogopa ni kuvu, yaani nyuzinyuzi nyembamba zinazotawanyika kwenye kioo, kwa sababu asidi yake hula uso wa kioo na alama hiyo haifutiki.

Aulize pia kama vifaa vyote vipo. Lenzi za jicho za darubini nyingi za Japani zina kipenyo cha milimita 24.5, ilhali za siku hizi ni milimita 31.75. Tofauti hiyo isimkatishe tamaa, kwani fundi wa kukereza vyuma anaweza kutengeneza pete ya kuziunganisha kwa muda mfupi.

Kuna kifaa kimoja cha kutupwa mara tu boksi likifunguliwa. Darubini nyingi za zamani ziliuzwa na kioo kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho ili kutazama Jua. Kioo hicho hukaa pale joto lote linapokusanyika, kinaweza kupasuka ghafla, na jicho lililo nyuma yake likaharibika moja kwa moja. Kivunje ili asikitumie mtu mwingine. Jua hutazamwa kwa kichujio maalumu kinachofunika lenzi ya mbele yote, ama kwa kuangusha taswira yake kwenye karatasi nyeupe bila mtu yeyote kuchungulia.

Kazi ya mikono

Anza na bomba. Grisi ya miaka 50 hukauka na kunata, na gurudumu la kurekebisha fokasi hukataa kuzunguka. Osha meno yake kwa mafuta ya taa, yakaushe, kisha paka grisi mpya kidogo. Ndani ya bomba, palipobanduka rangi, paka rangi nyeusi isiyongʼaa, maana mwanga unaorukaruka ndani hufifisha picha.

Lenzi ya mbele iachiwe siku yenye utulivu. Kwanza jua ni ya aina gani: mulika tochi na uhesabu taswira za mwanga zinazorudi. Zikiwa nne zenye nguvu, vioo viwili vimetenganishwa kwa hewa. Zikiwa mbili zenye nguvu na moja hafifu sana, vimegandishwa, navyo visibanduliwe. Kwa vile vilivyotenganishwa, kabla ya kuvitoa chora kwa penseli alama ya V ukingoni, ikivuka vioo vyote viwili, ili virudi kwa mpangilio na mwelekeo uleule. Vipande vitatu vidogo vya karatasi ya bati vilivyo katikati yake visipotee, kwani ndivyo vinavyoshika nafasi. Lenzi iliyorudishwa kinyume haitoi nyota kali hata ukihangaika na fokasi usiku kucha, na darubini nyingi zinazodharauliwa sokoni zina tatizo hilo tu.

Puliza vumbi kwanza, kwani punje ya mchanga chini ya pamba hukwaruza. Kisha tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke na tone la sabuni, pamba safi ikipita mara moja bila kukandamizwa, halafu itupwe. Kuvu changa huweza kuondoka kwa peroksaidi ya hidrojeni ya duka la dawa.

Baada ya kuifunga, nyota ndiyo hakimu. Chagua nyota angavu iliyo juu sana, kuza kwa nguvu, kisha vuruga fokasi kidogo. Utaona miviringo ndani ya miviringo. Ikiwa na kitovu kimoja, na ikifanana upande huu na ule wa fokasi, lenzi imekaa sawa. Ikiwa imeegemea upande, rekebisha skrubu za kishikio chake.

Unyevu, salfa na ikweta

Hadi hapo maelekezo yangefaa Leipzig au Osaka. Gisenyi ina masharti yake. Mji uko ufukweni mwa Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,460, na unyevu wa ziwa ndio chakula cha kuvu. Kilomita 20 hivi kaskazini uko Nyiragongo, volkeno ya mita 3,470 iliyolipuka mwaka 2002 na tena 2021, na ambayo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya gesi ya salfa duniani. Gesi hiyo ikikutana na unyevu huzaa asidi inayokula shaba na chuma. Usiifunike darubini ikiwa na umande. Iache ikauke, kisha iweke kwenye boksi linaloziba vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa lenzi ukuta huo haujengeki.

Sharti la pili ni stendi. Darubini bora za zamani zilikuja na stendi ya ikweta, ambayo mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga ili mkono mmoja utoshe kuifuata nyota. Mhimili huo huinuliwa kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali: nyuzi 51 kule Jena, na hapa nyuzi 1.7 tu, kuelekea kusini. Stendi nyingi za kaskazini hazikuundwa kulala hivyo. Uzito wake wa kusawazisha hugonga miguu.

Hasara hiyo ina fidia kubwa. Stendi ngumu ya Ulaya hapa inageuka kazi nyepesi ya seremala. Ubao imara wa mita moja, wenye mhimili unaozunguka juu yake, ulazwe kaskazini-kusini na ncha yake ya kusini iinuliwe sentimita 3. Mhimili wa pili ukatishe wa kwanza kwa pembe mraba na ubebe bomba. Hiyo tayari ni stendi ya ikweta. Uifanye ndefu kwenda juu, kwa sababu bomba la mita moja likielekea utosini, lenzi ya jicho hushuka karibu na ardhi. Prizimu ya kupinda mwanga kwa pembe mraba itaiokoa shingo.

Kinachoonekana

Lenzi ya milimita 60 hukusanya mwanga takribani mara 70 ya mboni ya jicho iliyofunguka kabisa gizani. Inatosha kuonyesha mashimo ya Mwezi yenye upana wa kilomita chache, mikanda miwili ya Mshtarii na miezi yake minne, pete za Zohali, na Zuhura ikiwa hilali. Taa za Goma na Gisenyi haziathiri sana vitu hivyo. Tena sayari zote zinazoonekana kwa macho zikifika kileleni hapa huwa juu ya nyuzi 60, ambako hewa ya kupenya ni kidogo. London hubidi wakati mwingine kuzitazama zikiwa nyuzi 15 tu juu ya upeo.

Kijiografia, kaskazini ya mji kuna volkeno na mwangaza wake, na kusini kuna maji yenye giza. Juu ya maji hayo hupita Suheli, nyota ya mabaharia wa Uswahilini, Msalaba wa Kusini, na Rijili Kantori, ambayo padri Mjesuiti Jean Richaud aligundua mwaka 1689 huko Pondicherry, India, kuwa ni nyota mbili. Mbili hizo huzungukana kwa takribani miaka 80, na darubini kongwe ndogo inazitenganisha. Dubu Mkubwa naye huonekana kaskazini. Katika nyota mashuhuri, Kutubu, nyota ya ncha ya kaskazini, pekee ndiyo isiyochomoza kwetu. Wakati mzuri ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, mawingu yanapopungua.

Nchini Kenya, Susan Murabana na wenzake wa The Travelling Telescope wamezipeleka darubini shuleni kwa miaka mingi, na wameonyesha kwamba mtoto aliyeziona pete za Zohali kwa jicho lake huanza kuuliza maswali ambayo kitabu hakikumfundisha kuuliza. Rubavu, wilaya ya mji wetu wa Gisenyi, ina shule, ina maseremala na mafundi wa vyuma, na ina anga la ncha zote mbili. Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na ndugu ughaibuni, mwombe aangalie masoko ya vitu vilivyotumika. Ukiipata darubini, isafishe kama ilivyoelezwa, itengenezee stendi inayotufaa, kisha usiifungie ndani. Mpe mwalimu wa fizikia wa shule iliyo karibu nawe, na umsaidie kuitunza.