Kiribatumbo na Ujauzito: Kwa Nini Uzito Upimwe Mapema
Katika ukanda wa Pwani, Bagamoyo ikiwemo, wengi huuona unene wa mwanamke kuwa dalili ya afya njema. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulibaini kuwa asilimia 28 ya wanawake nchini wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, hali inayoongeza hatari ya kifafa cha mimba, kisukari cha mimba na kujifungua kwa upasuaji.

Mjamzito anashauriwa kuhudhuria kliniki kabla ya wiki 12, uzito wake upimwe kabla mimba haijaongeza kilo. Kwa mwenye urefu wa mita 1.6, kiribatumbo huanzia takriban kilo 77. Asijinyime chakula, apunguze vitumbua na soda, ale samaki, mchicha na matunda.